Mlango Unaovimba: Tukinge Mbao za Tabaka Kabla ya Mvua

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wakazi na mafundi seremala wa Eastlands. Tunayachapisha kwa sababu wengi waliohudhuria waliomba nakala.



Kazi yangu ni ya kalamu. Nilisomea uandishi wa habari, na kwa kawaida mkiniona mtaani nimebeba kamera na kijitabu. Leo nazungumza kuhusu mbao, na mafundi waliokaa pale nyuma wana ruhusa ya kunisahihisha.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mama yangu anaishi katika nyumba ya chumba kimoja hapa Eastlands. Mlango ni mmoja, na dirisha lina vyuma. Mwaka mmoja mvua za masika zilipokaribia, niliona vanishi ya mlango wake imechunika, nikasema nitaufanya mpya mwenyewe. Nilinunua kopo la vanishi, nikapiga msasa kwa dakika chache, nikapaka upande wa nje tu. Uliwaka kama kioo, na majirani wakanisifu.

Wiki tatu baadaye mvua ilinyesha usiku kucha. Alfajiri mama alitaka kutoka na mjukuu wake aliyekuwa na homa, na mlango ukakataa kufunguka. Ulikuwa umevimba ukakaba fremu. Vijana wawili wa jirani waliusukuma kwa mabega huku mama akivuta kwa ndani, mpaka ukaachia. Mtoto alifika zahanati salama. Lakini nilijiuliza, na sasa nawauliza ninyi: ingekuwa jiko limeanguka ndani ya chumba kile, wangetokea wapi?

Ndiyo maana niko hapa. Tunadhani mlango uliovimba ni kero ndogo. Katika nyumba yenye mlango mmoja, ni suala la usalama.

Tuuangalie huo mlango. Milango mingi ya mitaa yetu ni ya flashi: fremu nyembamba ya mbao ndani, na plaiwudi imegundishwa pande zote mbili. Plaiwudi ni karatasi nyembamba za mbao zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, nyuzi za tabaka moja zikikata za tabaka linalofuata. Mpangilio huo huifanya iwe imara na isipinde ovyo kama ubao mmoja. Wajerumani walitengeneza vitako vya bunduki ya Karabiner 98k kwa mbao nyembamba zilizogundishwa pamoja. Waingereza walijenga ndege nzima ya kivita, iitwayo Mosquito, kwa plaiwudi na mbao nyepesi.

Ndege hiyo ina somo kwetu. Mwaka 1944, wakati babu zetu wa KAR wakipigana Burma, ndege hizo zilipelekwa huko Asia kwenye joto na mvua nyingi. Baadhi zilianza kuachana kwenye maungio, na mwishoni mwa mwaka huo zikazuiwa kuruka kwa muda. Wachunguzi walitaja maungio yaliyofungwa vibaya na athari ya unyevu kwenye mbao. Gundi ya mwanzo ya ndege hizo ilitokana na protini ya maziwa, na waundaji walihamia gundi ya fomaldehaidi inayostahimili maji vizuri zaidi. Kama maji yaliweza kutenganisha ndege, mlango wa mama yangu una nini?

Maji hayaingii sana kupitia uso wa plaiwudi. Huingia kwenye kingo, pale nyuzi zilipokatwa, kwa sababu nyuzi za mbao ni kama mirija. Nendeni nyumbani mpitishe kidole chini ya mlango na juu yake. Wengi mtagusa mbao tupu ambayo haijawahi kuonja rangi. Fundi alipaka panapoonekana. Maji hupanda kutoka sakafuni kila tunapopiga deki, na hushuka kutoka juu kila mvua inaponyesha.

Sasa tuingie kazini.

Hatua ya kwanza ni ukaguzi. Dondosha maji kidogo juu ya mlango. Yakikaa kama shanga, kinga bado ipo. Yakinywewa na mahali pakawa peusi, kinga imekwisha. Kisha gonga kwa kifundo cha kidole karibu na kingo. Mlio ukibadilika ghafla au uso ukibonyea, huenda tabaka zimeachana. Mbao ikiwa laini kiasi kwamba kisu kinazama chenyewe, hiyo imeoza. Rangi haiponyi uozo. Kata kipande hicho au badilisha mlango.

Hatua ya pili ni kukausha, na ndiyo niliyoiruka mimi. Ukipaka vanishi juu ya mbao yenye maji, unayafungia ndani, kisha jua likipiga yanatafuta njia ya kutoka na kuinua vanishi kwa mapovu. Ng'oa mlango kwenye bawaba, uusimamishe kivulini penye upepo. Usiulaze juani, maana upande mmoja utakauka upesi kuliko mwingine nao utapinda. Utajuaje umekauka? Pima upana wake kwa futi kila asubuhi, mahali palepale, na uandike. Ukipungua, bado unatoa maji. Ukikaa kipimo kile kile siku tatu mfululizo, endelea. Najua mtu hawezi kulala bila mlango. Fungeni plaiwudi ya kuazima usiku, au mshirikiane majirani mfanye nyumba moja baada ya nyingine.

Hatua ya tatu ni kuondoa rangi kuukuu, na hapa naomba akina mama wanisikilize. Baadhi ya mitaa yetu, kama Kaloleni, ilijengwa miaka ya 1940. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi. Siku hizi Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa milioni moja ya rangi, lakini tabaka za chini kwenye mlango wa zamani zilipakwa kabla ya hapo. Vumbi lake likiingia mwilini mwa mtoto hudhuru ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo usipige msasa mkavu kwenye rangi ya kale. Tumia msasa wa maji, lowesha kidogo tu, na utandike karatasi ya nailoni chini. Watoto na wajawazito wakae mbali. Vumbi likusanywe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Na baada ya msasa wa maji, rudi hatua ya pili ukaushe tena.

Hatua ya nne ni kurudisha tabaka zilizoachana. Safisha mwanya, ingiza gundi iliyoandikwa kuwa ni ya matumizi ya nje, kisha bana kwa klampu au weka ubao na mawe mazito juu yake hadi kesho yake. Gundi nyeupe ya kawaida ni ya samani za ndani. Ikipata maji, inalainika.

Hatua ya tano ni msasa wa mwisho. Anza na namba 120, umalize na 180, ukifuata nyuzi. Uwe na mkono mwepesi. Tabaka la juu la plaiwudi nyingi halifiki hata milimita moja, na ukilitoboa huna la kurudisha. Mashine ya umeme ina haraka, na hapa haraka haina baraka.

Hatua ya sita ni kupaka. Koti la kwanza lichanganywe na tapentaini kidogo ili liwe jepesi na kuzama kwenye nyuzi. Anza na kingo zote nne, na tundu la kitasa, na matundu ya skrubu za bawaba. Kingo zipate koti tatu hata kama uso utapata mbili. Halafu paka pande zote mbili za mlango kwa idadi sawa ya koti. Upande mmoja ukizibwa na mwingine ukaachwa wazi, unyevu huingia kwa upande mmoja tu na mlango unajikunja kama chapati. Hilo ndilo lililompata mama yangu. Kati ya koti na koti subiri siku nzima kwa rangi ya mafuta. Miezi ya baridi, kuanzia Juni hadi Agosti, subiri zaidi. Msasa mwepesi namba 240, futa vumbi, kisha koti linalofuata.

Vanishi au rangi? Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na jua letu ni kali. Vanishi angavu ya ndani huvunjika upesi ikipigwa na jua. Ukipenda mbao ionekane, nunua vanishi ya nje na ukubali kuirudia mara kwa mara. Ukitaka kinga ya muda mrefu, rangi ya mafuta ya nje juu ya andakoti ni bora, kwa sababu inalizuia jua lisiguse mbao.

Kabla ya kuurudisha mlango, acha nafasi. Sarafu ipite kati yake na fremu pande zote. Mlango unaobana wakati wa kiangazi hautafunguka wakati wa mvua.

Jambo la mwisho la kazi ni vitambaa. Mafuta ya linsidi, na rangi au vanishi zenye mafuta ya aina hiyo, hutoa joto zinapokauka. Kitambaa kilicholowa kikikunjwa na kutupwa kwenye kona au gunia, joto hilo halipati pa kutokea. Linaongezeka mpaka kitambaa kinawaka chenyewe, bila kiberiti. Mitaa yetu imesongamana. Tunaikumbuka Gikomba, ambako moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Sisemi moto ule ulitokana na vitambaa. Ninachosema ni kwamba tunajua moto unavyokimbia kati ya mbao na mabati. Tandaza kitambaa kimoja kimoja nje mpaka kiwe kikavu na kigumu, au kitumbukize kwenye mkebe wenye maji na uufunike. Moto ukizuka, piga 999 au 112, na watu watoke kwanza.

Kuna swali lililoulizwa hapa, na sitalikwepa. Mzee mmoja alisema: "Kijana, mnasema mitaa hii kongwe itajengwa upya. Kwa nini nigharamie mlango wa nyumba itakayobomolewa?"

Mzee wangu, swali lako ni la haki. Siwezi kukuahidi tarehe, na mtu asikudanganye kwa tarehe. Ninachojua ni kwamba mvua ya mwezi ujao haitasubiri mradi. Kopo la rangi, msasa na siku chache za kazi ni gharama ndogo kuliko mlango mpya. Na usiku ule mjukuu wa mama yangu alipokuwa na homa, hatukuuliza nyumba imebakiza miaka mingapi. Tuliuliza mlango utafunguka au la. Kama wewe ni mpangaji, iwe nyumba ni ya kaunti au ya mtu binafsi, mwarifu mwenye nyumba kwa maandishi kabla ya kuanza, na uhifadhi nakala na risiti zako.

Kwa mafundi, nina ombi moja tu. Mkiuziwa kazi ya mlango, pakeni chini na juu hata kama mteja hatachungulia. Yeye haoni pale, lakini maji yanapaona.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo jioni, kabla ya kulala, kila mmoja apitishe kidole chini ya mlango wake. Kama amegusa mbao tupu, kazi ya Jumamosi ameshaipata. Mlango wa mama niliurudia, safari hii nikisimamiwa na fundi wa mtaani aliyenicheka sana. Mvua zimekuja na kupita, na unafunguka kwa mkono mmoja.