Kabla ya Talaka, Jua Kilicho Chako



Nianze na dada mmoja wa hapa Munyaka. Jina lake litabaki kwangu. Alikaa kwenye ndoa miaka tisa. Mume alikuja na ploti aliyokuwa ameinunua kabla ya nikah, yeye akawa anauza mitumba sokoni. Nyumba ikajengwa polepole. Msingi na mawe, mume. Mabati na milango, dada, kwa pesa za chama, na fundi alilipwa kutoka kwa simu yake. Siku talaka ilipotoka akaambiwa: ploti ni yangu, nyumba imesimama juu ya ploti, chukua nguo zako na sufuria zako uende. Akaenda. Halafu akaja kuniuliza, "Ndugu, kwa dini yetu mimi sina kitu?"

Kuna watu humjibu haraka kwamba Uislamu haujui mambo ya kugawana mali ya ndoa. Hilo ni kweli nusu. Ni kweli kwamba nikah haichanganyi mali. Mahari ni yake, mshahara wake ni wake, urithi kutoka kwa babake ni wake, na mume hana ruhusa ya kuvigusa bila ridhaa yake. Soma Suratun Nisaa aya ya 32: wanaume wana fungu katika walichochuma, na wanawake wana fungu katika walichochuma. Waingereza, waliokuja kututungia sheria huku, walingoja mpaka 1882 ndio mwanamke aliyeolewa apate haki kamili ya kumiliki mali yake mwenyewe. Na sheria hiyo yao ya 1882 ndiyo mahakama zetu zilikuwa zikiitumia kugawa mali ya wanandoa, hata Waislamu, mpaka Kenya ikatunga yake 2013. Sisi tulikuwa nayo zamani, lakini tumelala nayo.

Sasa nusu ile nyingine. Kama chako ni chako, basi yale mabati ni ya nani? Hapo ndipo kazi ilipo. Kadhi atakuuliza: hizo pesa ulimpa kama zawadi, ulimkopesha, au mlishirikiana? Kama ni zawadi, zimekwenda. Kama ni deni, unadai. Kama ni shirika, una fungu lako. Na wewe utajibu nini, wakati siku ile mlikuwa mnacheka, mnakunywa chai, mnapanga rangi ya mlango? Hakuna aliyesema kitu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqara 282, inatuambia tuandike deni na tuweke mashahidi. Haikusema isipokuwa mke na mume.

Twende kwa sheria ya nchi, manake wengi wenu mnasikia maneno ya mitandaoni tu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mali uliyopata au kurithi kabla ya ndoa si mali ya ndoa. Nyumba mnayoishi, vyombo vyake, na mali mliyopata pamoja, hiyo ndiyo ya ndoa. Inagawanywa kulingana na mchango wa kila mmoja, na mchango si pesa peke yake: kupika, kulea watoto, kusimamia duka, kulima shamba, vyote vinahesabiwa. Na ukiongeza thamani kwenye mali ya mwenzako aliyokuja nayo, unapata haki kwa kiasi cha ulichoongeza. Dada wa Munyaka aliposikia hapo aliniambia nirudie.

Lakini sehemu ya 3 ya sheria hiyo inasema Muislamu *anaweza* kufuata sheria ya Kiislamu katika mambo hayo. Anaweza. Na Katiba, kifungu cha 170, inampa kadhi nguvu pale ambapo wote ni Waislamu na wote wamekubali kusikizwa kwake. Kwa hivyo usikubali kuburutwa kimyakimya, na usimburute mwenzako. Uliza kwanza, hata kama mwenye kukuharakisha ni mzee wa ukoo.

Na ile hadithi ya nusu kwa nusu? Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema usawa wa kifungu cha 45 haumaanishi kila mtu abebe nusu moja kwa moja. Lazima uonyeshe mchango wako. Katika kesi hiyohiyo mke alibaki na nusu, kwa sababu alionyesha. Jirani zetu Tanzania, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua katika kesi ya wanandoa Waislamu kwamba kazi ya nyumbani ni mchango. Watu hushangilia hapo na kuacha kusoma. Mwishowe yule mama hakupata fungu, kwa sababu mume alishampa pesa za kuanzisha biashara ya familia naye akazitumia mambo yake. Hesabu inafuata kila mtu.

Kaka zangu, msitabasamu. Kuna ndugu anaikumbuka sharia kwenye ploti tu. Mahari ya deni? Ameisahau. Matunzo ya eda? Hana. Kile kiliwazo ambacho Al-Baqara 241 inataja kwa aliyeachwa? Hajawahi kukisikia. Ukitaka sharia ikulindie ploti yako, ilipe na madeni yake.

Kwa hiyo wewe unayeposa mwaka huu: kaeni chini kabla ya nikah, muandike nani anakuja na nini, na mkijenga pamoja mtahesabu vipi. Sheria inaruhusu makubaliano ya kabla ya ndoa, na kwetu masharti ndani ya nikah si jambo geni. Ulioa au kuolewa tayari? Weka risiti za hadiwea. Ukituma pesa kwa fundi, andika ujumbe kwa mwenzako: hizi ni za mabati ya nyumba yetu. Maneno saba tu.

Dada yetu ameitisha rekodi zake za M-Pesa, na malipo ya fundi yameonekana, mwezi baada ya mwezi. Risiti ya mabati bado tunaitafuta. Mwenye duka alihama. Kesi iko.

Haya, maswali. Wewe dada pale nyuma, uliinua mkono nilipotaja chama. Anza wewe.