Pikipiki ya Marehemu

Leo tunataka kuwaeleza habari ya pikipiki iliyotushinda, tena kwa kosa letu wenyewe.

Mjane mmoja wa kanisa letu alitukabidhi BSA Bantam ya marehemu mume wake, aliyekuwa mwinjilisti. Ilikuwa imesimama bandani tangu 1989. "Mchungaji," akatuambia, "nataka kuisikia ikinguruma mara moja tu." Pikipiki za aina hiyo zilitengenezwa Birmingham, Uingereza, tangu 1948 hata 1971, nazo zilitokana na michoro ya DKW ya Wajerumani, iliyochukuliwa baada ya vita kwisha 1945. Injini ni ndogo, ile ya kwanza c.c. 125 tu. Haina vali, na oili yake huchanganywa na petroli ndani ya tangi. Mtu akiitazama hudhani ni kazi ya jioni moja. Nasi tulidhani hivyo.

Tulikanyaga kiki, isiende. Pistoni ilikuwa imeshikwa na kutu ndani ya silinda. La kufanya tulilijua: kutoa plagi, kumimina oili nyepesi, kungoja siku nyingi ipenye, kuongeza, na kungoja tena. Tulingoja siku mbili. Siku ya tatu, Jumamosi, tulifungua kichwa cha injini, tukaweka kipande cha mti juu ya pistoni, tukapiga nyundo. (Wako watu ambao wakishika nyundo hawaiachi mpaka kitu kivunjike, na wachungaji wengine wamo.) Pistoni ilishuka kweli. Lakini ringi za chuma cha namna ile hazipindiki, hukatika. Na kipande kimoja kilichora mfereji ukutani mwa silinda.

Usiku ule tulijitayarishia maneno: kwamba injini ilikuwa imeharibika tangu zamani. Nani angejua? Mama yule hajui ringi wala pistoni. Kesho yake tulisimama mimbarani, naye ameketi benchi la mbele, akitutazama kwa furaha. Mahubiri yale hatukuyafurahia hata kidogo.

Baada ya ibada tukamfuata. "Mama, sisi ndio tuliovunja."

Alinyamaza kitambo. "Inatengenezeka?"

Tukamweleza kwamba fundi mwenye mashine ataipanua silinda kidogo mpaka ule mfereji uishe, kisha itiwe pistoni iliyozidi kidogo kwa unene, pamoja na ringi mpya. Sili za mpira nazo zibadilishwe, kwa kuwa zikivuja injini hii haivuti petroli vizuri. Gharama ni yetu.

"Basi safari hii msiwe na haraka," akasema. Halafu akacheka. "Hata mwenyewe aliwahi kuipiga nyundo, akanificha wiki nzima."

Silinda ingali kwa fundi. Kila Jumapili mama hutuuliza habari zake mlangoni, kabla hata ya kutusalimu.