Sherehe za Watoto Kenol: Geti Lifungwe, Mchezo Uanze

Wazazi na walezi wa Kenol, likizo ya Desemba huleta sherehe nyingi za watoto, lakini nafasi ni finyu. Ploti nyingi hazina uwanja. Mpira ukitoka getini, mtoto huufuata hadi barabara kuu ya kwenda Sagana, ambako magari hayapunguzi mwendo. Kwa hivyo geti lifungwe kwanza, na mtu mzima akae hapo, simu mfukoni.

Mchezo wa kati unafaa, mpira ukiwa wa majani makavu ya mgomba: hauumizi wala haudundi mbali. Shida ni kwamba wadogo hugongwa mapema, kisha hukaa pembeni wakinuna. Aliyegongwa na ahamie upande wa kurusha.

Wakichoka, watandikiwe katoni kuukuu wachore picha moja ya wote: soko, matatu, Mlima Kenya. Udongo mwekundu wa Murang'a ukikorogwa na uji mwepesi hutoa rangi nzuri; makaa yaliyosagwa hutoa nyeusi, bizari ya manjano hutoa njano. (Nguo za sherehe zivuliwe kwanza, manjano hayatoki upesi.)

Baluni ikipasuka, vipande viokotwe papo hapo. Kimoja tu chatosha kumkaba mtoto mdogo.