Gari Lina Kadi, Abiria Hana: Dhamana ya Matibabu ya Dharura kwa Wasafiri wa Afrika Mashariki



Mada hii inahusu saa chache za mwanzo, pale ndugu wa mgonjwa anapojikuta mbele ya dirisha la mapokezi katika hospitali ya nchi jirani. Tuchukue hali ambayo yeyote anaweza kuikuta. Mama wa makamo amepanda basi kutoka Arusha kwenda Nairobi, safari ya kilomita 270 hivi, akiwa na mwanawe. Wakishavuka mpaka wa Namanga, mkono wake mmoja unalegea na maneno yanamkwama mdomoni. Hiyo ni dalili ya kiharusi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi kabla ya picha ya CT kuthibitisha kwamba si mshipa uliopasuka. Nairobi ina mashine za CT na ina madaktari bingwa. Swali linalomkabili mwanawe pale dirishani ni la amana: nani analipa, kiasi gani, na kwa njia ipi? Hoja yangu ni kwamba msafiri wa namna hii anakosa mdhamini kabla ya kukosa mganga, na kwamba nchi zetu, ambazo zimekwisha kuunda chombo cha udhamini kwa ajili ya magari, hazina kisingizio cha kutokiunda kwa ajili ya watu.

Haki ipo, mlipaji hayupo

Tusianze kwa kulaumu sheria. Ibara ya 43(2) ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na neno lililotumika ni mtu, si raia. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 imeirudia haki hiyo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu jijini Nairobi, mbele ya Jaji Mumbi Ngugi, iliamua katika kesi iliyohusu Hospitali ya Uzazi ya Pumwani kwamba kuwazuilia akina mama wawili kwa sababu ya deni la matibabu kulivunja haki zao. Kwa hiyo kwenye karatasi mama yetu wa Arusha analindwa mara mbili: asifukuzwe mlangoni, na asifungiwe wodini. Lakini ulinzi huo haumtaji mlipaji. Hospitali inatakiwa kuokoa maisha, kisha ibaki na deni la mtu ambaye kesho atakuwa amevuka mpaka, na kumdai kule ni kesi ya gharama kubwa kuliko deni lenyewe. Mhasibu anayesisitiza amana hana roho mbaya. Anajikinga na hasara anayoiona inakuja. Sheria inayompa mgonjwa haki bila kumpa mtoa huduma uhakika wa malipo huzaa ujanja: mgonjwa hakataliwi, ila anaambiwa kitanda kimejaa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo imeishia njiani. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama ruhusa ya kuingia bila viza, kutembea na kukaa. Mfanyakazi aliyehamia ametajiwa na mafao ya hifadhi ya jamii. Msafiri wa siku tatu, anayekwenda harusini, mazishini au kufuata mzigo soko la Gikomba jijini Nairobi, ameachiwa barabara tu. Wengi hukimbilia ubalozini, na ni vizuri wakafanya hivyo mapema. Hata hivyo Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli unataja kuwasaidia raia kama kazi mojawapo ya konseli. Haumlazimishi kulipa bili ya hospitali. Ubalozi unaweza kutafuta ndugu, kuandika barua na kusaidia hati za kusafiria. Hauna fungu la kulipia chumba cha wagonjwa mahututi.

Funzo la kadi ya njano

Wakati huohuo, basi alilopanda mama huyu linavuka na kadi ya njano, yaani bima ya magari ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Mpango huo ulianza kazi 1987. Mwenye gari analipia kadi kwao. Likitokea jambo ugenini, ofisi ya mpango katika nchi ya ajali ndiyo inayoshughulikia madai, kisha inarudishiwa fedha na ofisi ya nchi ilikotoka kadi. Aliyegongwa hana haja ya kumfuata mwenye gari ng'ambo ya mpaka. Kadi hiyo inagusa hata gharama za matibabu ya dereva na abiria walioumia ajalini. Maana yake ni kwamba basi likipinduka, abiria ana mahali pa kushika. Likifika salama naye akapata kiharusi kwenye kiti chake, hana. Tena Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki ndani ya mpango wa kadi, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba tofauti za uanachama ndizo zinazokwamisha.

Kwingine wamekwisha kuvuka hatua hii. Kadi ya bima ya afya ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutolewa 2004, inamwezesha mwenye bima wa nchi moja kutibiwa katika huduma ya umma ya nchi nyingine kwa masharti yaleyale ya wenyeji, na nchi hurudishiana fedha baadaye. Kadi hiyo haigusi hospitali binafsi wala gharama za kumrudisha mgonjwa kwao. Mipaka hiyo ina manufaa kwetu: inaonyesha kwamba mpango wa kufaa si lazima ulipe kila kitu.

Hoja za wanaopinga

Pingamizi la kwanza ni kwamba mlango ukifunguliwa, watu watavuka kufuata tiba, na hospitali za miji mikubwa zitaelemewa. Hofu hii ina msingi, na jibu lake liko katika kanuni za mpango. Kadi ya Ulaya haimhusu aliyesafiri kwa lengo la kutibiwa. Nasi tuweke hivyo: dhamana iwe ya dharura tu, iwe na kikomo cha fedha, na iishe mgonjwa anapotulia kiasi cha kusafirishwa kwa rufaa hadi hospitali ya kwao. Saratani, figo na upasuaji wa kupangwa vibaki nje.

Pingamizi la pili ni kwamba bima za safari zinauzwa, basi kila mtu anunue yake. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya Kenya ya 2023 imekwisha kumtaka mgeni anayekuja kwa chini ya miezi 12 awe na bima ya safari. Zanzibar nayo, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, inawataka wageni kutoka nje ya nchi wawe na bima ya dola 44 za Marekani. Mtalii anayeruka kwa ndege anaimudu. Kwa abiria wa basi la Arusha kwenda Nairobi, kiasi hicho kinaizidi nauli yenyewe. Isitoshe, bima nyingi za safari huyaondoa maradhi aliyokuwa nayo msafiri kabla ya kuondoka, ilhali presha na kisukari ndivyo vinavyowaangusha watu wetu wazima njiani. Ninachokubali katika pingamizi hili ni kwamba mchango wa lazima unaolipwa kabla ya safari unawezekana. Tofauti ni kwamba ukigawanywa kwa abiria wote ndani ya tiketi, kama mwenye gari anavyolipia kadi yake, utakuwa mdogo kiasi cha kutomzuia mtu kusafiri.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi kwetu, kwa sababu linatoka katika mila zetu: ukoo utachanga. Ni kweli, ukoo unachanga, na kundi la simu linaweza kukusanya fedha usiku mmoja. Ila kiharusi kinahesabu saa nne na nusu, na sehemu ya saa hizo imekwisha kuliwa barabarani. Fedha hizo lazima ziende kwenye laini inayopokea ugenini, zibadilishwe, zivuke viwango vya juu vya muamala. Mchango unafaa kumaliza bili. Kufungua mlango unachelewa. Na mwenye ukoo mdogo au maskini afanyeje?

Mapendekezo

Napendekeza tuanze na nchi mbili, Kenya na Tanzania, na mipaka minne: Namanga, Holili na Taveta, Sirari na Isebania, Horohoro na Lungalunga. Kila nchi iteue ofisi moja yenye simu ya saa 24 itakayotuma barua ya dhamana kwa hospitali ndani ya saa moja, na ofisi hizo zilipane tofauti ya madai yao kila robo mwaka, maana Wakenya nao huugua Zanzibar na Moshi. Nchi zote mbili sasa zina sheria mpya za bima ya afya, zote za 2023. Kwa hiyo namba ya mwanachama wa bima ya huku isomeke kule.

Hadi hapo familia ijitayarishe kwa yale yaliyo mikononi mwake. Mgonjwa wa presha au kisukari asafiri na karatasi yenye majina ya kitaalamu ya dawa zake na vipimo vyake, kwa kuwa jina la kibiashara hubadilika kutoka duka hadi duka. Ijulikane mapema nani atatia saini fomu ya ridhaa ya upasuaji. Pale hospitalini, ndugu aombe makadirio kwa maandishi na bili iliyochanganuliwa, aonane na afisa ustawi wa jamii kama ni hospitali ya umma, na asiondoke bila muhtasari wa matibabu na picha za CT, ama sivyo Arusha watapiga upya na kudai upya.

Matayarisho hayo yanapunguza madhara, lakini hayaondoi kazi ya serikali. Ofisi za kadi ya njano zimelipana kuvuka mipaka kwa miongo kadhaa. Anayepinga dhamana ya wagonjwa kwa kusema haiwezekani kiutendaji aeleze kwanza kwa nini imewezekana kwa bampa na taa za magari.