Mtoto Asifuate Ng'ombe: Kuchagua Mlezi Katika Wosia kwa Wazazi wa Karatu na Ngorongoro

Nimepewa nafasi ya kuzungumzia wosia. Hapa kwetu habari ya wosia huanzia kwenye mali na kuishia kwenye mali. Leo naomba mali tuiweke pembeni kwanza, tuzungumze juu ya watoto.

Nilikuwa na miaka 11 baba alipofariki. Mama alikuwa ametangulia. Tulikuwa watoto watano, upande wa Rhotia, na baba hakuacha neno lolote, la kuandika wala la mdomo. Siku ya tatu ya msiba ukoo ulikaa. Nilijibanza nyuma ya ghala la mahindi nikasikia kikao chote. Kilianza na shamba. Kikahamia kwa ng'ombe, mmoja mmoja, kwa rangi zao. Jua lilikuwa linashuka mzee mmoja alipouliza, "Na hawa watoto je?" Hilo lilijibiwa upesi. Aliyepata ng'ombe akamchukua kaka yangu, kwa kuwa alikwisha kuweza kuchunga. Aliyepata shamba akawachukua dada zangu wawili, wa kulima na kuchota maji. Mimi na kitinda mimba wetu, ambao hatukuwa na kazi ya kumfaa mtu, tukaenda kwa shangazi, na shangazi hakuwa amepewa chochote.

Hakuna mtu mbaya katika habari hii. Baba zangu wadogo walikuwa watu wa kumcha Mungu, na walimzika kaka yao kwa heshima zote. Kosa lilikuwa katika mpangilio wa kikao. Sisi tuliletwa mwishoni, tukafuata mali kama ndama anavyofuata ng'ombe aliyeuzwa. Yule shangazi ndiye aliyetusomesha, kwa kuuza maharage kwa debe sokoni. Kama ningeulizwa siku ile, ningemtaja yeye awalee watoto wote watano. Na baba pia, nina hakika, angemtaja. Hakuulizwa alipokuwa hai, na mimi sikuulizwa kwa sababu nilikuwa mtoto.

Ndiyo maana kila ninapomsaidia mzazi kuandika wosia, karatasi yetu huanza na majina ya watoto na jina la mlezi. Shamba huja ukurasa wa pili.

Sasa sheria inasemaje? Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inataka maslahi yake yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Kifungu cha 9 kinaeleza kwamba wazazi wakiwa wamekufa, wajibu wa kulea unaweza kupita kwa ndugu wa mzazi yeyote kati ya hao wawili, au kwa mlezi mwingine, ama kwa amri ya mahakama ama kwa utaratibu wa kimila. Naomba wazee wayatafakari mambo mawili hapo. Ndugu wa mama ana nafasi sawa na ndugu wa baba. Na mila haijafukuzwa. Sijaja kuwafundisha kuukimbia ukoo kwa karatasi. Wosia ni njia ya marehemu kuhudhuria kikao cha ukoo na kuwa msemaji wa kwanza.

Kifungu cha 10 kinakataza kumnyima mtoto kunufaika na mali ya mzazi wake. Cha 11 kinampa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni haki ya kusikilizwa. Mtoto wa miaka 11 nyuma ya ghala ana maoni, jamani.

Kuna sheria nyingine, kongwe zaidi, ambayo Wakristo wengi na watu walioacha maisha ya kimila huhukumiwa kwayo katika mirathi: ile ya Urithi iliyotungwa India mwaka 1865, Waingereza wakatuletea. Hiyo inasema baba anaweza kumteulia mtoto mlezi kwa wosia. Mama haimtaji. Akina mama, msiache kuandika kwa sababu hiyo. Mahakama ya leo inapoamua juu ya mtoto huangalia maslahi ya mtoto, na maneno ya mama, yenye tarehe, sahihi na mashahidi, ni jambo la uzito mbele ya hakimu na mbele ya Afisa Ustawi wa Jamii anayetumwa kuchunguza hali ya nyumbani. Ninachowashauri mke na mume ni kukaa pamoja na kukubaliana jina moja. Baba akiandika mdogo wake na mama akaandika dada yake, mmewaachia watoto ugomvi mbichi.

Kwa ndugu zetu Waislamu, baba anaweza kuwawekea watoto wasii, babu mzaa baba ana nafasi yake katika uwalii, na malezi ya mtoto mdogo yana mpangilio wake unaompa mama na upande wake kipaumbele. Kaeni na sheikh wenu, kisha mwandike.

Na mzazi mmoja akibaki hai? Huyo ndiye mlezi. Hata hivyo, mume, liandike. "Nikifa, mama yao ndiye mlezi wa watoto wangu wote, nao watabaki naye." Nimeona sentensi hiyo ikimsaidia mjane ambaye shemeji zake walikwisha kuja na pikipiki kuwachukua watoto kwa hoja kwamba watoto ni wa ukoo na mahari ilitolewa.

Nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonileta. Kulea mtoto na kushika mali ya mtoto ni kazi mbili. Katika wosia kuna mtekelezaji, na pasipo wosia mahakama humteua msimamizi wa mirathi. Huyo kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa, kisha kutoa hesabu mahakamani. Mlezi kazi yake ni uji wa asubuhi, sare, homa ya usiku, kikao cha wazazi shuleni. Sisi tumezoea kumpa mtu mmoja yote mawili, mara nyingi kaka mkubwa wa marehemu, kwa sababu ndiye mzito wa sauti. Mimi nasema yatenganisheni. Mwenye moyo wa kulea si lazima awe hodari wa hesabu. Shangazi yangu hakujua kusoma. Na mwenye hesabu nzuri anaweza kuwa mtu wa safari, dereva anayetoka hapa kwenda Serengeti na kurudi baada ya siku sita, asiyeweza kulaza mtoto. Zaidi ya hayo, wawili hawa wataangaliana. Mlezi akiona ada haijalipwa atamwuliza mshika mali. Mshika mali akiona fedha za sare zimekwenda na mtoto bado yuko kwenye matambara, atamwuliza mlezi. Wosia useme kabisa kwamba mshika mali ampe mlezi fedha za matunzo kila muhula au kila mavuno. Kwa mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, fedha huja kwa msimu, basi na wosia ufuate msimu.

Vijana wa utalii nawaongezea neno. Mafao ya NSSF, na fidia ya WCF kwa aliyefia kazini, hutolewa kwa wategemezi kwa taratibu za mifuko yenyewe. Wosia wako peke yake hautoshi. Hakikisheni watoto wote mmewaandikisha, pamoja na yule aliyezaliwa nje ya ndoa, na wote wana vyeti vya kuzaliwa. Cheti kinapatikana kwa msajili wa RITA kupitia wilayani. Yatima asiye na cheti hutumia mwaka mzima kuthibitisha baba yake ni nani, na hapo aliyejua yote ameshazikwa.

Nani basi awe mlezi? Wengi wakiulizwa hutaja bibi. Wanayo sababu. Tunao majirani zetu Wahadzabe, pembeni mwa Ziwa Eyasi, ambao watafiti kama Kristen Hawkes na wenzake walikaa nao tangu miaka ya 1980 wakipima nani anamlisha nani. Waligundua kwamba bibi, anayechimba mizizi kwa saa nyingi hata baada ya umri wa kuzaa kupita, ni nguzo ya afya ya wajukuu, hasa mama anapokuwa na kichanga mgongoni. Sayansi ya dunia nzima imejifunza jambo hilo kutoka hapa kwetu. Lakini bibi wa Kihadzabe analea akiwa kambini, binti na ndugu wote wako mwendo wa kuita. Bibi wa Karatu tunayempa wajukuu wanne mara nyingi yuko peke yake, ana magoti mabovu, na mtoto wa mwisho ana miaka 2. Mtoto huyo atakapofika kidato cha kwanza bibi atakuwa na miaka mingapi? Mtajeni bibi ikiwa moyo wenu unamtaka, kisha mwandike na jina la pili, la mtu mwenye nguvu, atakayeshika bibi akichoka.

Jina la pili ni la lazima kwa kila mtu, kwa kweli. Mlezi naye hufa, huugua, huhama.

Kwa ndugu zangu wa Endulen, Nainokanoka na Olbalbal, kuhama si neno la mfano. Tangu Juni 2022 kaya zimekuwa zikitoka ndani ya hifadhi kwenda Msomera, Handeni, mkoani Tanga. Zipo familia ambazo leo kaka yuko huko na mdogo wake amebaki huku. Sitaingia katika mjadala wa kuhama, una mahali pake. Swali langu ni la mlezi: uliyemtaja mwaka 2019 akiwa boma la jirani, leo yuko wapi? Je, unataka mtoto wako abadilishe shule, hospitali na marafiki siku ileile anapompoteza mzazi? Labda ndiyo, kama huko ndiko aliko mtu anayempenda kuliko wote. Liamueni ninyi wenyewe, mkiwa na akili tulivu. Wosia hubadilishwa wakati wowote maadamu mwenye nao yu hai na akili zake timamu.

Desturi ya Kimaasai ina jambo moja zuri ambalo sheria nyingi hazina. Kila mke ana nyumba yake, na kila nyumba ina ng'ombe waliotengewa, ambao wana wa nyumba hiyo hutarajia kuwarithi. Mali imekwisha kumfuata mtoto. Taabu huanza wakati nyumba haina mama wala baba, na ng'ombe wamechanganywa na kundi la baba mdogo. Ukame ukipita, wanaokufa huwa wa nani? Ajabu ni kwamba mara nyingi huwa wa yatima. Kwa hiyo msiandike "ng'ombe ishirini" tu. Andikeni alama za masikio, andikeni rangi, na andikeni sehemu: theluthi ya kundi, nusu ya kundi. Hasara ikija, igawanyike kwa wote.

Sasa mabinti. Hili nalisema polepole. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika vifungu vya 13 na 17, iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na wazazi wakiwa wamekufa, kwa ridhaa ya mlezi. Mlezi! Yule uliyemchagua, au ambaye hukumchagua. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2016 vifungu hivyo vikatamkwa kuwa vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikasimama upande wa wasichana. Lakini hukumu iko Dar es Salaam na mahari iko zizini. Yatima wa kike ndiye wa kwanza kuhesabiwa kwa ng'ombe mwaka ukiwa mbaya. Dada yangu mmoja aliolewa namna hiyo. Andikeni: "Binti yangu asome kadiri ya uwezo wake, na asiozwe kabla hajatimiza miaka 18 wala bila hiari yake." Kisha mchagueni mlezi ambaye, mkimsomea sentensi hiyo, hatatazama pembeni.

Ndiyo kusema mlezi lazima aulizwe kwanza. Mwendee kwake, keti, kunywa chai yake, mwombe. Mpe nafasi ya kukataa. Anayekataa leo amekutendea wema mkubwa. Halafu waulize watoto, wale wakubwa kiasi, bila kuwatisha. "Tukisafiri muda mrefu ungependa kukaa kwa nani, na kwa nini?" Mtashangaa wanayoyajua kuhusu nyumba za ndugu zenu.

Juu ya mashahidi nitasema kwa ufupi. Kanuni za wosia wa kimila zilizotangazwa katika Gazeti la Serikali mwaka 1963, Tangazo Na. 436, zinataka mashahidi wawili kwa anayejua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mwingine wa nje, na wanne kwa asiyejua, au kwa wosia wa mdomo, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Mimi huwaambia wote watafute wanne, ili hakimu akitumia sheria yoyote karatasi isianguke. Shahidi asiwe mtu anayerithi. Andika kwa wino, weka tarehe. Nakala moja RITA, au kanisani, msikitini, kwa wakili. Nyingine kwa mlezi mwenyewe. Msiifiche darini, panya wa Karatu mnawafahamu.

Mwenyekiti, nimeleta karatasi na kalamu za wino za kututosha sote. Baada ya chai tutakaa wawiliwawili, na kila mmoja ataanza hivi: "Mimi fulani, mkazi wa kijiji cha fulani, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu, ninao watoto hawa." Yaandikeni majina yote, pamoja na miaka yao. Chini yake wekeni jina la mlezi, na la wa pili wake. Ambaye bado hana jina la kuandika aache mstari wazi, aende na karatasi nyumbani hivyohivyo, ampe mwenzake aisome.