Mbu anataga ndani ya shimo za barabara yetu

Wandugu raia wa Beni, vijana wenzetu,

Leo tunakuja na mambo ya mbu. Wengine watacheka: mbu, na vita iko? Ndiyo, mbu. Malaria inaua watoto wetu bila risasi hata moja. Kwa hesabu ya OMS, Kongo yetu ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria tu.

Tumjue kwanza adui. Mbu dume haumi mtu; anakunywa maji matamu ya maua, basi. Ni jike ndiye anatafuta damu, ili mayai yake yakomae. Anofelesi jike kawaida anakutana na dume mara moja tu: mbegu anazitunza tumboni na kuzitumia maisha yake yote. Akishiba damu, siku mbili tatu baadaye anataga mayai 50 mpaka 200 juu ya maji, halafu anarudi kutafuta damu ingine. Hapo ndipo ugonjwa unapita. Akinyonya mgonjwa, kijidudu kinakomaa ndani yake siku 10 ao zaidi; kisha, akienda kutafuta damu ya mayai mapya, anakiacha kwa mtu mwingine. Kumbe ni uzazi wake unatugonjesha.

Na anataga wapi? Yule mbaya zaidi kwetu anapenda maji madogo yenye kupigwa na jua: alama ya magurudumu ya lori, shimo la kuchimbia udongo wa matofali, mtaro ulioanzwa ukaachwa. Kwa joto letu, yai linakuwa mbu wa kuruka ndani ya wiki moja mpaka mbili.

Ndiyo maana salongo moja haitoshi. Tukifukia leo, lori inachimba tena, mvua inajaza. Jembe letu haliwezi kutengeneza barabara. Mama anatoa kodi sokoni, motari anatoa barabarani. Basi tunadai: mitaro ipitishe maji, wenye kuchimba udongo wafukie mashimo yao, na wakubwa wa mji watuambie kazi inaanza tarehe gani.

Jumamosi saa moja asubuhi tunatoka, kila mtu na jembe na simu yake. Kila shimo lenye maji, picha na jina la avenyu. Tutakayoweza kufukia tutafukia. Picha za yanayobaki tutazipeleka komini Jumatatu, sisi wenyewe, kwa mkono.