Kazi ya Kuchonga Kinywe: Maneno ya Kamati ya Ufundi



Twashukuru kupewa nafasi ya kusema machache katika sikukuu hii ya kutimiza miaka kumi ya Chama chetu. Waliotutangulia wamekwisha sema juu ya pamba, mizani na hesabu. Sisi wa Kamati ya Ufundi tumeombwa tueleze jambo ambalo wengi wametuuliza: kazi ya kuchonga kinywe ni kazi gani, nayo itamfaa nini mkulima na mchimba dhahabu wa Mara.

Kinywe ni kaboni, ndugu yao makaa na almasi. Ndicho kile cheusi kilichomo ndani ya kalamu ya risasi, ijapokuwa hakina risasi hata chembe. Mwaka 1789 mtaalamu Mjerumani, Abraham Gottlob Werner, alikipa jina litokanalo na neno la Kiyunani lenye maana ya kuandika. Lakini kuandika ni kazi yake ndogo. Kinywe hakiyeyuki katika tanuri la fundi. Hakipasuki kigusapo moto mkali kwa ghafula. Hupitisha joto upesi. Na kioo kilichoyeyuka hakigandamani nacho. Huko Uingereza, kinywe cha Borrowdale kilitumika tangu karne ya 16 kupakwa ndani ya kalibu za kusubia risasi za mizinga.

Sasa mtazameni fundi wa kioo. Huchota kwa ncha ya bomba la chuma kioo kizito kama asali, chenye joto la kiasi cha digrii 1,100, akakipuliza na kukizungusha pasipo kupumzika. Akikitengeneza kwa mti, hana budi auloweke maji kwanza, nao huungua kidogo kidogo hata ukaisha. Kinywe hakimsumbui hivyo. Kwa hiyo huwa na kibapa cha kinywe cha kusawazishia, kijiti cha kupanulia mdomo wa bilauri, na kalibu ya kuvipa vyombo vyote umbo moja. Wala ufundi wa kioo si mgeni kwetu Afrika ya Mashariki. Wako mafundi wa Shanga huko Arusha, wengi wao watu wenye ulemavu, wayeyushao chupa zilizokwisha tumika na kufanya vyombo vizuri; na wako wa Kitengela, karibu na Nairobi.

Kuchonga kwenyewe hufanywa kwa mashine ya kukereza, na kwa keekee. Kinywe ni laini, lakini vumbi lake hula makali ya chuma cha kawaida, kwa hiyo fundi hutumia ncha za kabaidi. Hukichonga kikavu, kwa kuwa hunyonya mafuta. Kuta za kalibu huinamishwa kidogo kwenda nje, ili kioo kitoke bila kukwama. Na kama umbo lina tumbo pana na shingo nyembamba, kalibu hukatwa vipande viwili vinavyofunguka. Kisha uso husuguliwa kwa msasa laini, kwa maana kila mkwaruzo wa kalibu huonekana katika kioo. Nayo kalibu haiachwi motoni: ikipata joto la kiasi cha digrii 450 na zaidi, hewa huanza kuila. Huguswa na kioo kwa muda mfupi, ikaondolewa.

Yapasa tuseme na hatari zake. Vumbi la kinywe hudhuru mapafu, tena hupitisha umeme, likaweza kuingia ndani ya mota na kuiunguza. Karakana isiyo na feni ya kuvuta vumbi, wala barakoa kwa kila kijana, isifunguliwe.

Tena hatutaki kumdanganya mtu. Nchi yetu ina kinywe kingi, Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi. Na miaka ya 1990 kilichimbwa Merelani. Lakini hicho hutoka ardhini kwa magamba membamba. Hufaa kuchanganywa na udongo na kufanywa vyungu vya kuyeyushia madini. Matofali ya kuchonga kwa mashine hutengenezwa viwandani kwa masizi magumu ya mafuta ya petroli na lami, yakachomwa hata kufikia kiasi cha digrii 3,000. Hayo itatulazimu kuyanunua kutoka nje.

Basi, kwa nini tujisumbue? Kwa sababu faida imo katika mkono. Wazee wetu wa Jimbo la Ziwa waliungana miaka ya 1950 kwa ajili ya mizani ya wanunuzi, na mwaka 1955 vyama vyao vikaunda Shirikisho la Victoria. Hawakuridhika na kupima pamba tu. Walifikia kumiliki vinu vya kuichambua. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Jengo huweza kuchukuliwa na hesabu ikafungwa, bali ufundi aliojifunza kijana hauchukuliwi.

Soko la kwanza halipo mbali. Buhemba, wilayani Butiama, dhahabu imechimbwa tangu enzi za ukoloni, na wachimbaji wadogo wangalipo. Dhahabu iliyoyeyushwa humiminwa katika kalibu ya kinywe, nayo huchongwa kwa mashine ile ile. Twashauri kuanza na hizo, na kwenda kwa mafundi wa kioo baada ya mikono ya vijana wetu kuzoea vipimo.

Ndugu wajumbe, mbele yenu liko swali la ziada ya mwaka huu: igawanywe yote, ama sehemu yake inunue mashine moja ya kukereza na kuwasomesha vijana. Twajua ya kuwa wengi wana watoto wa kusomesha na madeni ya mbegu. Mwenye kutaka mgao wake hana kosa. Kwa hiyo twaomba masharti matatu. Shirika la SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, liombwe ushauri kabla ya kununua. Hesabu ya karakana isomwe mbele ya wanachama kila miezi mitatu. Na kama baada ya miaka miwili kalibu hazirudishi gharama zake, mashine ifanye kazi ya vipuri vya plau na mikokoteni, ambavyo hakuna kijiji cha Mara kisichovihitaji.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kikijaa, yapasa kuamua kama kitaliwa chote ama nyingine itakuwa mbegu. Kura ni yenu.